Kabla ya mamilioni: ngazi ndefu ya kocha wa chuo kikuu Marekani

Ilikuwa Novemba 2023, barazani kwetu, baada ya Isha. Mpwa wangu aliniletea simu yake usoni akitaka nisome habari aliyoipata. Chuo Kikuu cha Texas A&M, huko Marekani, kilikuwa kimemfuta kazi kocha wake wa kandanda ya Kimarekani, Jimbo Fisher. Kwa kuwa mkataba wake ulikuwa bado unaendelea hadi mwaka 2031, chuo kilitakiwa kumlipa zaidi ya dola milioni 75 ili aondoke.

"Hebu nambia, mjomba," akasema. "Huyu amefutwa kazi ama ameshinda bahati nasibu?"

Tulicheka sote. Lakini kijana hakuwa akiuliza kwa mzaha tu. Amemaliza kidato cha nne, na kila jioni huwafunza watoto wa mtaani kucheza mpira. Malipo yake ni chai na mahamri, na siku nyingine hata hiyo chai haipo. Alitaka kujua mtu hufikaje pale. Nilimuahidi nitamtafutia jibu, na jibu lenyewe nikaona lifae wasomaji wengine pia, hasa wazazi wenye vijana wanaopenda michezo na hawajui mapenzi hayo yatawafikisha wapi.

Kwanza tuelewane kuhusu mchezo wenyewe. Si kandanda yetu. Wachezaji ni 11 kila upande, lakini huvaa kofia ngumu na kinga za mabegani, mpira una umbo la yai, na mara nyingi hubebwa au hurushwa kwa mikono. Kila timu ina kikosi cha kushambulia na kikosi cha kuzuia. Mpira ukienda kwa wapinzani, kikosi kizima hutoka na kingine huingia. Mchezo huenda kwa vipande vya sekunde chache, kisha husimama, na makocha hupanga kipande kinachofuata. Kwa hiyo kocha hapigi kelele tu kando ya uwanja. Yeye ndiye mwenye ramani ya kila hatua.

Pili, tusidhani kuwa "timu ya chuo" ni vijana wachache wanaocheza Jumamosi kujifurahisha. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Alabama, mjini Tuscaloosa, huingiza watazamaji zaidi ya 100,000. Pesa hutoka kwenye haki za televisheni, tiketi na matajiri waliosoma pale zamani. Ndiyo maana katika majimbo mengi ya Marekani, mtumishi wa umma anayelipwa zaidi si gavana wala profesa. Ni kocha wa chuo.

Hapo kileleni ndipo macho yetu sote hukimbilia. Lakini sisi watu wa pwani tunajua kuwa hakuna aliyezaliwa nahodha. Kila nahodha alianza kwa kukumba maji ngamani, akavuta kamba, akajua upepo, ndipo akakabidhiwa usukani. Ukocha wa vyuo Marekani nao umejengwa hivyo hivyo, na una vipandio vinavyojulikana.

Kipandio cha kwanza ni cha mwanafunzi msaidizi. Huyu ni kijana aliyemaliza digrii ya kwanza, mara nyingi aliwahi kucheza. Chuo humlipia karo ya shahada ya pili na kumpa posho ndogo, naye huitumikia timu. Kazi zake ni zile ambazo wakubwa hawazitaki: kukatakata video za mechi, kuchora mipango ya wapinzani, kukesha ofisini.

Akionekana anafaa, hupanda kuwa kocha wa nafasi moja, kwa mfano walinzi wa nyuma peke yao. Hapo huongezewa kazi ya kusaka wachezaji: kuzunguka shule za sekondari, kukaa sebuleni na wazazi na kuwashawishi wamkabidhi mtoto wao. Juu yake yuko mratibu, anayesimamia kikosi kizima cha kuzuia au cha kushambulia. Na juu kabisa ni kocha mkuu. Kipandio kimoja huweza kuchukua miaka mitano au kumi, na walio wengi hawafiki juu.

Tumchukue mtu mmoja ili tuione ngazi hii vizuri. Jina lake ni Nick Saban, ambaye wengi humhesabu kuwa kocha bora kuliko wote katika historia ya mchezo huu vyuoni.

Alizaliwa 1951 katika jimbo la West Virginia, nchi ya machimbo ya makaa ya mawe. Babu yake alikuwa mchimbaji. Baba yake alikuwa na kituo cha petroli, na wakati wake wa ziada aliwafunza watoto wa vijiji vya pale mpira, katika timu iliyoitwa Idamay Black Diamonds. Saban mwenyewe amesimulia mara nyingi jinsi alivyokuwa akiosha magari kituoni. Baba akiona michirizi kwenye rangi ya gari, humwambia aoshe upya gari zima. Siku nyingine alipata alama mbaya ya muziki shuleni kwa kuona haya kuimba mbele ya wenzake. Baba akampeleka chini kwenye mgodi wa makaa, akamuuliza kama huko ndiko anakotaka kufanya kazi maisha yake yote. Haikuwa maneno matupu. Novemba 1968, Saban akiwa na miaka 17, mgodi wa Farmington katika kaunti hiyo hiyo ulilipuka na kuua watu 78.

Alikwenda kucheza katika Chuo Kikuu cha Kent State, Ohio, chini ya kocha Don James. Alipomaliza hakuwa na mpango wa kuwa kocha. Lakini mkewe, Terry, alikuwa bado na mwaka mmoja wa masomo, kwa hiyo walihitaji kubaki pale. Don James akampa kazi ya mwanafunzi msaidizi. Hiyo ilikuwa 1973, mwaka ambao baba yake alifariki ghafla akiwa na miaka 46 tu. Kijana akaifanya kazi, akaipenda, na mwaka 1975 akapata shahada yake ya pili hapo hapo.

Sasa hesabu nami safari yake. Kent State hadi 1976. Chuo cha Syracuse 1977. West Virginia 1978 na 1979. Ohio State 1980 na 1981. Chuo cha wanamaji, Navy, 1982. Michigan State 1983 hadi 1987. Kisha Houston Oilers, timu ya kulipwa, 1988 na 1989. Vituo saba katika miaka 17, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kuwa kocha mkuu. Kila kituo maana yake ni nyumba mpya, majirani wapya, na mke anayeanza upya.

Wala hakuwa akipanda tu. Huko Ohio State alifutwa kazi pamoja na wenzake wa upande wa ulinzi. Kabla ya msimu wa 1988, Kent State, chuo kilichomsomesha na alikoanzia kazi, kilitafuta kocha mkuu. Saban aliomba. Akanyimwa, akapewa mwingine. Mtu wa miaka 36, mwenye uzoefu wa miaka 15, amekataliwa nyumbani kwao. Wengi wetu hapo tungesema riziki haipo huku, tukatafuta kazi nyingine.

Mlango ulifunguka 1990, chuo kidogo cha Toledo kilipompa ukocha mkuu. Alishinda mechi tisa na kupoteza mbili. Halafu akafanya jambo ambalo mpwa wangu hakulielewa: baada ya mwaka mmoja tu aliuacha ukuu na kurudi kuwa msaidizi, akawa mratibu wa ulinzi wa Cleveland Browns chini ya Bill Belichick. Alishuka kipandio ili ajifunze. Mwaka 1994 kikosi chake cha ulinzi kilifungwa pointi chache kuliko timu yoyote katika ligi nzima.

Mwaka uliofuata akawa kocha mkuu wa Michigan State, na miaka minne ya kwanza matokeo yalikuwa ya kati na kati. Novemba 1998 timu yake, ikiwa imeshapoteza mechi nne, ilikwenda kucheza na Ohio State iliyokuwa namba moja nchini. Kwa msaada wa ushauri wa daktari wa akili aliyekuwa akifanya naye kazi, Lionel Rosen, Saban aliwaambia vijana wasitazame ubao wa matokeo kabisa. Kipande kimoja cha mchezo huchukua kama sekunde saba. Cheza hizo saba vizuri, kisha zisahau, cheza saba nyingine. Wakashinda 28 kwa 24. Tangu siku hiyo hilo likawa somo lake kuu kila alikokwenda: usishughulike na kombe, shughulika na kazi iliyo mbele yako sasa. Ukitazama vizuri, ni lile lile la baba yake na michirizi kwenye gari.

Mwaka 2000 alihamia Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana, LSU, na msimu wa 2003 akachukua ubingwa wa taifa, ambao chuo hicho hakikuwa kimeupata tangu 1958. Alikuwa na umri wa miaka 52. Tangu aanze kukata video kule Kent State, ilikuwa imepita miaka 30.

Hapa naomba tusimame, kwa sababu si kila kitu katika maisha ya mtu huyu ni cha kuigwa. Mwaka 2005 alikwenda Miami Dolphins, timu ya kulipwa, na hakufaulu. Misimu miwili, mechi 15 alishinda, 17 alipoteza. Desemba 2006 kukavuma kuwa Alabama inamtaka. Akasimama mbele ya waandishi na kusema wazi kuwa hatakuwa kocha wa Alabama. Majuma mawili hayakutimia, tarehe 3 Januari 2007 akatangazwa kocha wa Alabama, kwa mkataba wa miaka minane wa dola milioni 32. Watu wa Miami walimwita mwongo, na sioni kama walikosea. Ahadi ni deni, na deni halifutwi na makombe. Msomaji anayetaka kumfuata Saban amfuate kwenye kukesha na kujifunza, si kwenye siku ile.

Lakini wazee walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Alijaribu timu za kulipwa, akarudi chuoni alikoanzia. Mwaka wa kwanza Alabama ulikuwa mgumu. Walifungwa hata na Louisiana-Monroe, chuo kidogo ambacho hakuna aliyekidhania. Miaka miwili baadaye walishinda mechi zote 14 na kuwa mabingwa wa 2009. Wakarudia 2011, 2012, 2015, 2017 na 2020. Ukijumlisha na lile la LSU ni mataji saba, moja zaidi ya Bear Bryant, kocha wa zamani wa Alabama ambaye jina lake liko kwenye uwanja. Saban alistaafu Januari 2024 akiwa na miaka 72, mshahara wake ukiwa umepita dola milioni 11 kwa mwaka.

Jambo jingine la kulielewa katika kazi hii ni kuwa kocha mkuu ni mwalimu wa makocha pia. Jimbo Fisher, yule aliyeanzisha mazungumzo yetu barazani, alikuwa mratibu wa mashambulizi wa Saban huko LSU. Baadaye alichukua ubingwa wa 2013 na Florida State, na mwaka 2021, akiwa Texas A&M, akawa mwanagenzi wa kwanza kumfunga mwalimu wake. Kirby Smart, aliyeongoza ulinzi wa Alabama kwa miaka mingi, alimfunga Saban kwenye fainali ya Januari 2022 na kuipa Georgia ubingwa. Steve Sarkisian alifutwa kazi ya ukocha mkuu katika chuo cha USC mwaka 2015. Saban alimchukua Alabama kama mchambuzi tu, kazi ya chini ya ile aliyoizoea. Akapanda tena, na tangu 2021 ni kocha mkuu wa Texas. Ngazi hii inakubali mtu aliyeanguka, ikiwa yuko tayari kuanza chini.

Na wapo wanaoingia ngazi hii baada ya kufanya kazi nyingine. Robert Saleh ni Muislamu mwenye asili ya Lebanon, kijana wa Dearborn, Michigan. Alikuwa akifanya kazi benki. Septemba 11, 2001 kaka yake alikuwa ndani ya mmoja wa minara iliyoshambuliwa New York, akanusurika. Saleh alipotafakari jinsi maisha yalivyo mafupi, aliacha kazi ya benki na mwaka 2002 akaanza kama mwanafunzi msaidizi Michigan State, mwanzo kabisa wa ngazi. Baada ya vyuo vingine viwili alihamia timu za kulipwa, na 2021 akateuliwa kocha mkuu wa New York Jets, Muislamu wa kwanza anayejulikana kushika cheo hicho katika ligi ile. Oktoba 2024 akafutwa. Mwaka uliofuata alikuwa tena kazini San Francisco kama mratibu wa ulinzi.

Sitaki kuipamba ngazi hii kupita kiasi. Kwa miaka mingi wachezaji waliowatajirisha makocha hawakupata ila karo, malazi na chakula. Ilikuwa 2021 ndipo waliporuhusiwa kupata pesa kwa majina na picha zao, na 2025 ndipo vyuo vilipoanza kuruhusiwa kuwalipa moja kwa moja. Vilevile wachezaji weusi wamejaa uwanjani lakini makocha wakuu weusi ni wachache. Wa kwanza katika ngazi ya juu ya vyuo, baada ya mchezo kuwapo kwa zaidi ya miaka mia moja, alikuwa Willie Jeffries, mwaka 1979 huko Wichita State. Na ilifika Januari 2025 ndipo kocha mweusi, Marcus Freeman wa Notre Dame, alipofikisha timu kwenye fainali ya ubingwa, akafungwa na Ohio State. Kipandio kikiwa kimoja kwa wote, si wote wanaosukumwa juu sawasawa.

Nilipomaliza kumweleza mpwa wangu haya yote, alinyamaza kidogo. Kisha akaniuliza swali ambalo limenifanya niandike makala haya: "Sasa mjomba, huku kwetu kipandio cha kwanza kiko wapi?"

Hapo nilishikwa. Maana tofauti kubwa kati yake na Saban wa 1973 si uwanja wa watu laki moja. Saban naye alikuwa kijana asiye na kitu, aliyefiwa na baba. Lakini palikuwa na mtu aliyemwambia: kaa hapa, utumikie timu, sisi tutakulipia masomo, na mimi nitakufunza. Alikuwa na mwalimu, karo na posho. Mamilioni yalikuja miaka 30 baadaye.

Mpwa wangu ana watoto 40 kila jioni na filimbi aliyojinunulia. Kozi za leseni za ukocha zipo, kuanzia daraja D la CAF, na nimemwambia aanze kuweka akiba ya ada. Mimi na wajomba zake wengine tutachanga kitakachopungua. Lakini leseni ni karatasi. Anahitaji pia mtu mzima wa kumkalia karibu miaka miwili au mitatu, amuoneshe makosa yake kama baba yake Saban alivyoonesha michirizi kwenye gari.

Hapa pwani tunavyo vyuo, Kilifi na Mombasa, vyenye timu na viwanja. Tunao wachezaji wa zamani waliojaa maarifa na wanaoshinda barazani wakihadithia mechi za miaka ya nyuma. Je, ni jambo kubwa sana kwa chuo kimoja kuchukua vijana wawili kila mwaka, kikawasamehe karo, wakatumikia timu huku wakisoma? Je, ni gharama gani kwa mchezaji wa zamani kumchukua kijana mmoja awe mwanagenzi wake? Kaunti nazo hutenga pesa za michezo kila mwaka. Nyingi tunaziona kwenye jezi na vikombe, na hivyo si vibaya, lakini jezi huchakaa msimu mmoja.

Kama wewe ni mmoja wa wazee hao wa mpira, na mtaani kwenu kuna kijana mwenye filimbi, mpitie jioni hii. Usimpe hotuba. Kaa ukingoni mwa uwanja, mtazame anavyofunza, kisha mwambie kitu kimoja anachokosea.